Kicheko cha Maman Rajabu

Zawadi, rubani wangu,

Huku Kamembe tuko wazima. Bibi yako ananenepa, anasingizia chai. Katika barua yako unauliza kama ni vibaya kucheka mukikumbuka mwenzenu wa chuo cha urubani, Eriki, alivyokoroma, na juzi tu ameanguka na ndege ya mazoezi, akafa.

Rafiki yangu Rajabu alipozama ziwani, nilikaa matangani kama gunia. Maman yake akaniita: "Weye! Tembea kama Rajabu!"

Batu wakanipisha. Nikatembea, kifua mbele, makalio nyuma, kama bata aliyealikwa arusi. Maman akacheka mpaka kitenge kikalegea, akalia, halafu akaomba chakula, cha kwanza tangu msiba.

Basi nenda kwa maman ya Eriki. Mushike mkono kwanza. Akitaka, mukoromee kama Eriki.

Ila ukirudi angani, usisinzie.

Babu yako