Kura ya Mkopo

Jumanne, 10 Juni
Kamati ya bajeti ya bunge la kaunti tena, asubuhi yote. Chai ilikuja ikiwa baridi. Kazi yetu ni kuchunga serikali ya kaunti isikope ovyo, na leo wametuletea ombi la mkopo wa benki. Sehemu ndogo ni ya kuwalipa wanaoletea hospitali vifaa vya kusafisha damu. Sehemu kubwa ni ya ofisi mpya za makao makuu. Niliuliza mkopo utalipwa kutoka fungu gani. Waziri wa fedha wa kaunti akasema jibu litakuja. Karani hakuandika swali langu. Nikamwambia aliandike.
Jioni nikapita Kanduyi kwa Barasa, ndugu yangu mdogo. Figo zake zilikufa mwaka jana. Alikuwa ametoka kwenye mashine, amechoka kama mtu aliyelima shamba zima.

Alhamisi, 12 Juni
Mashine za kusafisha damu zimezimwa. Vichujio vimeisha, na anayevileta amegoma mpaka alipwe. Wagonjwa walikaa kwenye benchi mpaka saa nane, kisha wakaambiwa warudi nyumbani. Barasa alikuwa mmoja wao. Anahitaji mashine mara mbili kwa wiki. Nafula, mke wake, alinipigia akiwa kwenye lango la hospitali.
"Wifi, si wewe ndio serikali? Ongea na watu wenu."
Mimi si serikali. Nilichaguliwa niichunge. Sikumwambia hivyo. Angenikatia simu, na angekuwa na haki.

Jumapili, 15 Juni
Kanisani kwenye wadi yangu, juu ya Kapsokwony. Mvua. Utelezi mpaka pikipiki ikakataa mlima, nikapanda kwa miguu. Baada ya ibada watu walinizunguka. Ati kwa nini nazuia pesa ya hospitali. Kuna mtu alishatangulia kuwaambia. Mama mmoja anayeuza vitunguu alinishika mkono. "Mheshimiwa, si upitishe tu hiyo kitu. Hayo mengine mtapigana baadaye."
Hana ubaya. Naogopa.

Jumanne, 17 Juni
Waziri amejibu, baada ya mimi kukataa kuketi. Mkopo utakatwa kutoka fungu la afya. Si kwa mwaka mmoja, ni kwa miaka. Zahanati za mlimani, chanjo, mafuta ya ambulensi, hata hivyo vichujio vyenyewe. Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeuliza choo kiko wapi. Kwa hiyo hospitali itapata pumzi ya miezi michache, halafu itanyongwa polepole. Ofisi zitakuwa zimesimama.
Nilipendekeza tulipe vichujio kutoka fungu la safari za wajumbe, mkopo tuuache. Walicheka. Mwenyekiti akasema ombi ni moja, ama tulikubali lote ama tulikatae lote.
Kiranja wa chama changu alinifuata kwenye ukumbi wa nje. "Tunajua ndugu yako ni mgonjwa, Mheshimiwa. Usijitese bure, bana. Kesho inua mkono tu. Ijumaa atakuwa kwenye mashine." Akanipiga bega kirafiki. Nilitaka kumtemea mate. Nilitaka pia kukubali. Yote mawili kwa pamoja.
Nikaenda Kanduyi, nikamweleza Barasa kila kitu. Mwili ni wake. Alitafuta pumzi kwanza.
"Hao wengine wa benchi," akasema, "mwaka ujao watafanya aje?"
Nikasema sijui.
"Basi usiniulize mimi, dada. Nikisema inua mkono, nimewauza. Nikisema usiinue, Nafula anasikia. Enda ufanye kazi yako."
Nafula alikuwa anasikia. Alisimama mlangoni na sufuria ya uji, hakuingia.

Jumatano, 18 Juni
Nimepiga kura ya hapana bungeni. Mkopo umeanguka kwa tofauti ya kura chache sana.
Niliongea kabla ya kura. Nikawaambia kinachowekwa rehani ni fungu la afya. Wengine walibadilika pale pale, hata wa chama changu. Watu wakanipa mkono. Sikufurahi. Nilitoka nje kupigia simu kliniki ya kulipia ya Kitale.

Ijumaa, 20 Juni
Kitale. Nilikodi gari kumleta Barasa kliniki ya kulipia. Juzi na jana walisema wamejaa. Leo wamempokea, wamemsafisha damu. Daktari anasema tumechelewa, maji yameshafika kwenye mapafu. Amelazwa. Nje tuktuk na pikipiki zinapigiana honi kana kwamba hakuna kitu.
Nafula haongei na mimi. Anaongea na muuguzi, na dereva, na Mungu.

Jumatatu, 23 Juni
Barasa amefariki alfajiri.

Jumamosi, 28 Juni
Tumemzika. Kiranja alikuja na rambirambi za wakubwa. Akashika maikrofoni, akasema kuna mashine ambazo leo zingekuwa zinafanya kazi kama baadhi yetu wangeweka utu mbele. Watu wote waligeuka kuniangalia. Nafula hakugeuka. Nilitaka ageuke, hata kwa hasira.
Watu wakitawanyika, mama mmoja wa lile benchi alikuja kunisalimia. Mama Rebeka. Uso umevimba, amesaidiwa kutembea; anachangiwa apate mashine ya Kitale mara moja kwa wiki. "Na sisi je, Mheshimiwa?"
Hakuuliza kwa ubaya. Ingekuwa afadhali.

Jumanne, 1 Julai
Nimewatembelea wajumbe waliopiga kura na mimi, nyumba kwa nyumba. Nimewaambia jina la Mama Rebeka na majina ya wenzake. Sikuwaambia la Barasa, wanalijua. Nimewaomba kitu kimoja: wasipitishe bajeti yoyote mpaka vichujio vilipwe kutoka zile safari zetu. Leo hakuna aliyecheka.

Alhamisi, 10 Julai
Wamekubali. Safari zimekatwa, mwenye vichujio amelipwa, mashine zimewashwa tangu jana. Si zote. Mama Rebeka alinipigia akiwa amelala hapo, nikaisikia mashine ikilia nyuma ya sauti yake. Alikuwa anacheka.
Mimi nimeondolewa kwenye kamati. Ilitangazwa bungeni kabla ya chai, Kiranja akiangalia dari.
Pesa ilikuwepo wakati wote. Hilo ndilo linaniua. Ilikuwa mle mle kwenye fungu la safari walipokuwa wananicheka. Mkopo ulikuwa mbaya, hilo najua, na ningeukataa tena kesho. Lakini ndugu yangu alikufa katikati, na hakuna kura inayonirudishia wiki hizo.

Jumapili, 20 Julai
Sikuenda kanisani. Nilienda Kanduyi bila kualikwa.
Nafula alikuwa anatoa kitanda cha Barasa peke yake. Kimekwama mlangoni. Nikasimama uani. Hakunisalimia. Akavuta, akasukuma, kikagoma. Akapumzika, akiwa ameegemea fremu. Kisha akasema, bila kuinua macho, "Shika upande huo."
Nikashika. Tukakilaza ubavu, kikatoka. Tukakiweka juani, tukakaa juu yake, kila mtu kwenye ncha yake.