Taa Niliyolaza kwa Nivo

Papa,

Mbele ya yote, mguu iko namna gani? Bado unavimba ukishinda ku ngazi unapanga matofali? Hapa Mangobo tuko wazima. Mama alifika vizuri Jumapili, anakusalimia, na anasema matembele ya hapa haina ladha. Mimi mwili iko muzima. Roho ndiyo haitulie, na ndiyo maana naandika.

Unajua kazi yangu ku uwanja wa ndege, kufyeka nyasi, kupangusa taa, kubadilisha balbu. Pembeni ya piste, kwenye ndege zinashukia, kuko masanduku ine ya taa, mustari moja. Rubani akikuja anaangalia zile: kila moja inatupa nyeupe upande wa juu, nyekundu upande wa chini. Akiona mbili nyeupe na mbili nyekundu, anashuka vizuri. Zote nyekundu, iko chini sana. Zote nyeupe, iko juu sana. Ni ile tu, lakini watu wote wa ndani ya ndege wanategemea ile.

Bon. Jumamosi, kisha mvua kubwa, nikakuta sanduku ya tatu imepinda, udongo ulishuka. Chef alikuwa ameenda matanga Bengamisa. Alors nikajifanya fundi. Nikatoa nivo yako ya kujengea yenye ulinipa, nikapima sanduku namna ulinifundisha kupima tofali, mupaka ile tone ya hewa ikasimama katikati kabisa. Nikakaza bulon za kushikilia sanduku. Nikajisifu hata.

Jumatatu nilikuwa nalala tumbo ku nyasi, napangusa, nikaona zile zingine tatu hazilale sawa. Kila moja inainua pua kidogo, na kipimo yake. Ile yangu tu ndiyo ilikuwa imelala kama sakafu. Donc rubani angeiona nyeupe hata akiwa chini, angefikiri yeye iko juu, angezidi kushuka. Nikakimbia kwa chef na matope ku mikono.

"Chef, niliharibu."

Akazima taa zote ine, akaambia watu wa redio wajulishe marubani. Kisha akaniangalia.

"Kuko rubani mwenye alilalamika?"

"Hapana, chef."

"Basi tunatengeneza, tunanyamaza. Hatuandike kitu. Usirudilie."

Nikashukuru sana. Nikafikiri imeisha.

Leo kisha kazi, Mama anamenya ndizi ku mulango, nikamuuliza tu, safari ilikuwa aje? Akasema, "Tulishuka mara mbili." Mara ya kwanza miti ilikuwa karibu, aliona mutu wa baiskeli akiinua kichwa, halafu ndege ikalia, ikapanda tena. Watu wakashika rozari. Rubani akawaambia eti mbuzi ziliingia ku piste. Mama anaelezea anacheka.

Nimepigia mulinzi wa piste simu. Jumapili hakuona mbuzi hata moja.

Mama sijamwambia. Chef nitamwambia kesho asubuhi, na safari hii itaandikwa, maana kama haiandikwe, mwengine atalaza sanduku vile vile. Najua wanaweza kunifukuza. Naogopa, Papa, sikufiche. Lakini Ijumaa Mama anarudi na ndege.

Unisalimie dada Masika na mapacha yake, na tonton Kambale wa mashine ya kusaga.

Ukiniona ku mulango na sakoshi ya nguo zangu, unifungulie mbele ya kuniuliza.

Mutoto wako,
Paluku