Doto na Pedali ya Kukuza Solo

Mjukuu wangu Doto,

Marahaba. Shikamoo yako imenifika hapa Maganzo. Bibi yako ni mzima, na mpunga umeanza kuchanua.

Unauliza ununue pedali ipi ya gitaa ili solo lako lisikike. Sisi kwenye bendi yetu hatukuwa nayo. Siku moja tulipiga mkabala na bendi nyingine, vile Wasukuma tunavyoshindanisha ngoma, na watu wakaanza kuhamia kwao. Nikafungua amplifaya mpaka mwisho, gitaa likatoa mikwaruzo mitupu. Masanja, mpiga gitaa la ridhimu wetu, akanisogelea. "Rudisha sauti yako ilipokuwa, ndugu yangu. Mimi nitashuka." Nikairudisha, naye akashusha sauti ya gitaa lake, na langu likatokeza likiwa safi kama mwanzo. Watu wakarudi mbio.

Basi chukua pedali ile inayoinua sauti bila kuibadilisha. Usiijaribu dukani peke yako. Ijaribu bendi nzima ikipiga.

Siku ile watu walinibeba mimi juu juu. Masanja alibaki chini, amenishikia gitaa. Namshukuru hadi leo, maana kila wanaponisifia solo lile, mimi namsikia yeye akishuka.

Babu yako anayekupenda