Jina Lako Halifungui Tena

Kibondo,
Machi 1998

Mpendwa pacha wangu Butoyi,

Mimi ni mzima, nakula vizuri, na kile kifua cha mwaka jana kimeniachia. Wewe je? Homa imekwisha, au bado unameza dawa za hospitali ya Kabanga huku umekunja uso? Magoti ya mama vipi? Mahindi ya kule bondeni yamepona maji? Nijibu moja moja, usinirukie kama ulivyozoea.

Sasa kaa chini, maana nina habari nimeibeba tangu wiki iliyopita na imenichosha. Unakumbuka niliajiriwa kupiga taipu kwenye ofisi ya wakimbizi. Taipu imesukumwa pembeni. Nimepewa kompyuta, Butoyi, mimi niliyekuwa naogopa hata simu ya posta. Naandikisha watu wanaovuka kutoka Burundi: jina, watoto, walikotoka, kambi na kibanda wanacholala. Kila jioni orodha inaruka kwa redio mpaka ofisi yetu ya Kasulu, bila gari, bila tope. Unabonyeza huku, inatokea kule. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu kama mwehu.

Orodha hiyo haifunguki mpaka uandike neno la siri, na aliye Kasulu akilijua neno anaifungua akiwa huko huko. Neno nilichagua mimi mwenyewe. Ukiliandika, kioo kinaonyesha vinyota tu, hata aliyesimama mgongoni kwako hasomi kitu. Unadhani niliandika nini? Niliandika jina lako. Nikajiona nina akili kuliko ofisi nzima.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja dirishani kwangu. Jina lake sikutajii. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa, na aliyeuvunja ni mumewe, ambaye naye amevuka na sasa anauza mafuta ya taa Kasulu. Alimkimbia huyo kuliko alivyokimbia vita. Akaniuliza polepole, "Dada, jina yangu ikiingia mu mashini, nani atayiona?"

"Mimi na wakubwa zangu tu," nilimwambia. "Mumeo hata aje analia, hapati."

Hakuja analia. Wiki iliyopita aliingia bwana mmoja mpole, shati safi lakini linanuka mafuta ya taa, baiskeli ameiegemeza ukutani. Akataja jina lote la yule mama, akasema ni dada yake, anataka kujua kambi yake. Nikamwambia hatutoi habari za watu. Hakukasirika hata kidogo. Mvua ilikuwa inanyesha, akakaa kwenye benchi kuisubiri, akaanza mazungumzo.

"Unaitwa nani, binti?"

"Bukuru."

Akatabasamu. "Kumbe mapacha. Na Butoyi mmemwacha wapi?"

Mtu asiyenijua, hajakanyaga kwetu, ametamka neno langu la siri huku akingoja mvua ikatike, wala hakujua kama amelitamka. Ndipo nikakumbuka kuwa dereva aliniuliza hivyo hivyo siku ya kwanza, na mpishi, na mama anayetuuzia maandazi. Huku kwetu nani asiyejua kwamba mapacha hupewa majina hayo mawili, na palipo na Bukuru pana Butoyi? Nilikuwa nimefunga mlango kwa kufuli, kisha ufunguo nikautundika kwenye msumari pale pale mlangoni.

Mvua ilipokatika akaaga. "Basi nitauliza Kasulu. Nina shemeji yangu ofisini kwenu kule, naye anakaa kwenye mashine hizi hizi."

Nilikimbia mbio, kiatu kimoja kikabaki kwenye tope, mpaka kwa fundi wa redio, Mpare mmoja mwenye maneno makali. Alishika kichwa. "Jina la pacha wako? Wewe Bukuru, maneno mengine yote yalikuwa yamekwisha?" Akaita Kasulu, mkuu wa kule akafuta nakala zilizokuwa zikifunguka kwa neno la zamani, na sisi tukabadilisha neno kabla ya orodha ya jioni. Akaniambia lisiwe jina la mtu wangu, wala la kijiji, wala kitu ambacho mtu akikaa nami nusu saa atakijua. Nichanganye na namba, na nisiliandike popote.

Jana nilimwona yule bwana akishuka kwenye gari lililotoka Kasulu, uso umemkunjamana. Alinipita bila salamu. Nilifurahi mpaka nikanunua muwa mzima nikautafuna peke yangu. Yule mama tayari amehamishiwa kambi nyingine, na leo alipopita nilimweleza yote, pamoja na ujinga wangu. Nilidhani atanitukana. Akauliza tu, "Na sasa?" Nikamjibu, "Sasa haitoki." Akacheka. Sikuwahi kuona meno yake.

Ila yule bwana sasa anajua nina pacha, na Kasulu hadi hapo kwenu ni mwendo wa baiskeli. Akija mtu mpole anauliza habari zangu na za kazi yangu, mpe maji ya kunywa na umnyamazie. Barua hii usimsomee mtu, hata mama msomee ile sehemu ya muwa tu.

Msalimie mama, mwambie sijakonda. Msalimie baba mdogo, mshona nguo wetu, na shangazi wa kwaya. Mdogo wetu Kiza mwambie najua anafungua bahasha zangu kwa mvuke wa sufuria, na mwisho wake ni leo.

Najua hapa ulipofika unajiuliza neno jipya ni lipi. Sikuambii. Tumegawana tumbo, kitanda, sare ya shule, hata surua, na sijawahi kuwa na kitu usichokijua. Nilipoliandika nililia kidogo, kwa sababu wewe hukuwamo. Lakini ukiniuliza kwa barua sitajibu, na ukija mwenyewe ukanikasirikia sitajibu. Mkono wa yule mama umeanza kunyooka.

Ni mimi wa tumbo moja nawe,
Bukuru