Muhuri wa Ofisi kwenye Barua ya Marubani wa Kompyuta

Mama Fidélie, mshauri wetu wa redio,

Naomba msaada wako, na nakusihi usitaje ofisi yangu, maana mji wetu ni mdogo na wakubwa wangu wanakusikiliza kila Alhamisi mchana. Nina miaka ishirini na tano, ni karani, nimesoma chuo miaka mitatu, na mdogo wangu Bénie anasoma kwa mshahara wangu.

Kila Jumamosi mimi na wenzangu kumi tunakutana mtaa wa Panda, kwenye chumba cha michezo cha Jimmy, tunacheza mchezo wa kompyuta wa vita vya ndege, na nisikufiche, hapo ndipo mahali pekee watu waliponiita shefu, yaani mkubwa wao, kwa sababu hakuna aliyenipita kwa kukata kona, nilikuwa namzunguka adui mpaka namtokea nyuma ya mkia. Lakini mwezi wa tatu watengenezaji, walioko Ulaya, waliubadilisha mchezo ufanane zaidi na ndege za kweli, na tangu siku hiyo ukikata kona kali damu inashuka miguuni mwa rubani, kioo kinakuwa cheusi, anazimia, na ile injini ambayo zamani tuliiwasha kwa kubonyeza mara moja sasa inataka pampu, kisha mafuta, kisha kungoja ipate moto dakika saba nzima, na wewe Mama unajua umeme wetu, mabwawa ya umeme ya Mwadingusha na Koni ni majirani zetu lakini mara tatu umeme ulikatika ndege zote zikiwa bado chini.

Vijana walikasirika. Joachim, fundi wa kuchomelea vyuma, aligonga meza: "Miye nafika hapa juu ya kungojea moteur ipate moto? Hii iko mchezo ao kazi?" Jimmy akaongeza: "Na shefu wetu anazimia kila dakika sawa bibi-arusi!" Walicheka, nami nikacheka, lakini iliniuma.

Basi wakaniambia niwaandikie watengenezaji, kwa kuwa mimi ndiye najua barua. Niliandika kwa mtindo wa ofisi, tarehe na namba juu, na chini yake "Kuhusu: kupinga kuzimia kwa rubani", sote kumi na mmoja tukasaini kwa majina yetu ya mchezoni. Jimmy akaigeuza geuza akauliza: "Na cachet iko wapi? Bila cachet bale bazungu batasema ni ya batoto." Mama, hapo ndipo nilipopotea, kwa sababu kwetu barua isiyo na muhuri hata mlinzi wa mlangoni haipokei, mimi mwenyewe nazirudisha kila siku, na sikuwaza kwamba huko Ulaya hakuna ambaye angeutafuta muhuri. Jumatatu Papa Georges, mzee anayetunza muhuri wa ofisi, alikwenda kupimwa macho, akaniachia ufunguo wa droo. Niligonga mara moja tu, nikapiga picha, nikatuma.

Watengenezaji waliiweka kwenye ukurasa wao kwa mzaha, kwamba sasa hata serikali imeingilia kati, wachezaji wa nchi nyingi wakacheka, na picha ikazunguka mpaka ikarudi Likasi kwa WhatsApp, mpaka kwenye simu ya Madame Henriette, mkuu wetu. Mimi hakuniuliza. Alimpa Papa Georges barua ya kumtaka ajieleze, kwa kuwa droo ni yake, na asipotoa maelezo ya kuridhisha kabla ya ofisi kufungwa Alhamisi hii, atafukuzwa, naye amebakiza miezi minne apate pensheni yake. Mtu mmoja alimuuliza mbele yangu kama siku ile ufunguo haukuwa kwangu. Akajibu: "Huyu? Hapana. Huyu iko mutoto wangu, hawezi." Tangu saa ile chakula hakinipiti.

Nilikimbilia kwa wenzangu, nikakuta wamekwisha kuuzoea mchezo mpya. Joachim anawasha injini bila kutazama karatasi, anapunguza ukali wa kona zake, hazimii, ananiangusha kila mara. "Zamani kila muntu alikuwa pilote," ananiambia, "sasa njo tunaona nani anajua." Nilipoitaja barua hakugeuka hata kunitazama: "Barua gani? Njo weye uko na bureau," yaani mwenye ofisi ni mimi peke yangu. Na Jimmy akasema mchezo haujawahi kuwa mtamu kama sasa. Watu walewale waliopiga meza!

Naomba unijibu, Mama. Nikinyamaza nitakuwa nimekosa sana? Papa Georges ni mzee, pengine watamhurumia, mimi hawatanihurumia, na Bénie ana mtihani wa serikali mwaka huu. Au nimwandikie Madame bila kuweka jina? Ninaogopa sana.

Karani mwenye hofu, Likasi

*

Mwanangu karani,

Bahasha yako imeletwa hapa redioni asubuhi hii ya Alhamisi na nimeiweka mbele ya nyingine zote; ofisi yako siitaji, na majina ya watu nimeyabadilisha. Umeandika vizuri. Kurasa nne kwangu mimi nisiyekujua, na kwa Papa Georges hata mstari mmoja hakuna.

Hofu yako naielewa. Nilikaa ofisini miaka kumi na tisa, najua kazi hapa kwetu haiokotwi njiani. Marafiki zako nao wamekutupa, pole. Lakini wao hawakuwa na ufunguo. Umewalaumu watu wa Ulaya, umeme, Jimmy na Joachim, na mkono uliogonga muhuri ni wako.

Tena tuambiane ukweli. Hukuandika kwa ajili ya dakika saba za injini. Mchezo ulikuwa mgumu, wenzako wakanung'unika, kisha wakakaa wakajifunza. Wewe uliona shefu anaanguka, ukataka sheria za zamani zirudi. Kuanguka kwenye kompyuta hakumuumizi mtu. Huku ofisini yupo anayeumia.

"Watamhurumia." Nani atamhurumia? Wewe ni karani, karatasi hizo unaziandika wewe, unajua mtu aliyefukuzwa kwa kosa la muhuri anatoka na nini. Usinifanye mjinga, wala usijifanye mjinga. Na barua isiyo na jina usithubutu: watasema mzee kaiandika mwenyewe kujiokoa, utakuwa umemmaliza kabisa.

Nenda kwanza kwenye meza ya Papa Georges. Si kwa simu. Mwambie kwa mdomo wako, ukiwa umesimama, kwamba ni wewe. Akikukaripia, pokea. Na usimwombe akusamehe leo. Leo si siku ya kumwomba kitu. Kisha andika ukurasa mmoja kwa Madame Henriette: siku gani ulipewa ufunguo, karatasi gani uligonga, na kwamba mzee hakujua lolote. Usimtaje Bénie. Usiwataje wenzako. Usieleze mambo ya ndege, hakuna aliyekuuliza. Weka jina lako lote na la baba yako, mkabidhi yeye mwenyewe, na usiondoke bila nakala iliyosainiwa kwamba amepokea.

Inawezekana ukapoteza kazi. Sitakudanganya ili ulale vizuri. Bénie utamweleza wewe, na atalia, lakini huwezi kumsomesha kwa pensheni ya mzee aliyekuita mwanawe mbele ya watu.

Sasa ni saa saba na dakika ishirini. Ofisi yenu inafungwa saa tisa na nusu. Zima redio, simama.