Sahani Moja na Masese

Jela ya Homa Bay
9 Machi 1996

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi ni mzima, sijui wewe na lile goti. Naandika Kiswahili kwa sababu askari lazima wasome kwanza.

Mama, kaa chini. Yule Masese wa Kegonga, aliyemuua baba siku ya wizi wa ng'ombe wetu, ameletwa seli yetu. Ameokoka. Jumapili alipiga magoti mbele ya wafungwa wote akaniomba msamaha. Pasta akasema tule sahani moja iwe ushahidi. Nikala. Nimemsamehe, na wewe nakuomba umsamehe.

Mwanao,
Dishon

Lambwe
2 Aprili 1996

Dishon,

Goti ni lile lile. Jirani yetu Pamela ananiandikia, na nimemwambia asipunguze neno.

Umekula? Na mtu aliyemwaga damu ya baba yako, kabla wazee hawajakaa, kabla hujanyweshwa manyasi, dawa ya kutakasa damu? Hata mtoto mdogo hapa anajua hiyo ni chira, laana ya kuvunja mwiko, utakonda mpaka ufe. Huyo pasta wako alifiwa na nani? Miaka yote hii nalala peke yangu, na wewe unagawa msamaha wangu kama omena ya sokoni. Ukifunguliwa usikanyage boma langu.

Leonida

Jela ya Homa Bay
20 Aprili 1996

Mama,

Hujambo? Hukuandika "mama yako". Nimeona.

Hata mimi nina hasira. Ni wewe ulinifundisha kusali "utusamehe makosa yetu". Ulikuwa unanichezea? Masese alipoletwa nilinoa mpini wa kijiko nimdunge shingo. Askari wakisoma hapa, wasome tu. Ilikuwa nile naye ama nimuue. Wewe ungetaka gani?

Mwanao bado,
Dishon

Lambwe
11 Mei 1996

Mwanangu Dishon,

Salamu. Kula, usikonde. Wazee wamekubali manyasi itatolewa ukitoka, na mbuzi nitatafuta mwenyewe.

Huyo mtu sijamsamehe, usinihubirie. Lakini Jumamosi ijayo nakuja. Mwambie aombe ruhusa aletwe kwenye dirisha la wageni pamoja na wewe. Sitaki magoti yake. Baba yako tulimkuta ameshakufa, na mpaka leo hakuna mtu ameniambia alisema nini mwisho. Masese ndiye alikuwa pale. Kama aliniita, nataka kusikia.

Mama yako,
Leonida