Kriketi Iliyopita Ukutani

Mjukuu wangu Salma,

Hapa Sparkhill sote wazima, ila babu yako bado anagombana na goti lake. Umeniuliza nilivumiliaje upweke nilipohamia hapa Birmingham, maana huko Aberdeen ukimya wa chumba unakuliza.

Mimi nilikuwa na redio. Babu yako akienda kazini naiwasha: asubuhi fidla na vinanda, halafu watu wanazungumza weee, mchana kriketi. Sikuelewa kitu, lakini nyumba ilikuwa na sauti.

Siku moja jirani, bibi wa Kipakistani, akagonga mlango. Nikadhani kaja kulalamikia kelele, nikaizima mbio. Akashika kichwa: “No, no! Kriketi!” Kumbe redio yake imeharibika, alikuwa akisikiliza yangu kupitia ukuta.

Nikamkaribisha chai, akaondoka na sahani ya vitumbua. Kesho yake ikarudi na pilau, maana hata kwao sahani hairudishwi tupu. Mpaka leo inakwenda na kurudi, sasa wanaileta wajukuu zake.

Basi mama, leo vua hivyo vidude vya masikioni. Acha muziki wako upite ukutani kidogo.

Bibi yako